Bata wa maji, Bata ya viatu na bata za wengine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni yale maswali yanayorudi kila mara mtu akigundua "bata" iko kwa lugha ya watu wengine pia, alafu anaanza kuunganisha vitu. Jibu likikutuma swali lingine, enda huko, sitarudia.

## Ya kuanzia

"Bata" ya Kiswahili ilitoka wapi?

Kwa Kiarabu. Huko hawa ndege kwa jumla wanaitwa baṭṭ, na mmoja peke yake ni baṭṭa, so watu wa Pwani hawakuwa na kazi kubwa ya kulibadilisha. Ile t nzito ya Kiarabu ilipokelewa kwa t yetu ya kawaida na neno likakaa hapo tu, kama yamekaa maneno mengine mengi yaliyokuja na majahazi.

Lakini usisimame Uarabuni. Wataalam wa zamani wa Kiarabu wenyewe walilihesabu baṭṭ kuwa neno lililoingia kwao kutoka nje, na Kiajemi kina bat kwa ndege huyo huyo. Huko Uajemi na majirani ndo jina limetapakaa kila upande: Waarmenia wana bad, Wajojia wana bati ingawa wao wanamaanisha bata bukini, na Wahindi wana batakh. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema batakh pale Diamond Plaza, hiyo ni ndugu kabisa ya bata wetu, wamezaliwa nyumba moja alafu mmoja akaenda mashariki mwingine akashuka na pepo za kaskazi hadi Lamu na Mombasa.

Kutoka Pwani likapanda bara. Waganda wanasema embaata, Wanyarwanda imbata, na kwa Kikuyu ndege ni mbata. Kila mtu amelivalisha kiambishi chake lakini shina ni lile lile.

Na Bata ya viatu, ni huyo ndege?

Hapana. Hilo ni jina la ukoo. Tomáš Baťa, kaka yake Antonín na dada yao Anna walianzisha kampuni mwaka 1894 huko Zlín, Moravia, wakati huo ikiwa ndani ya milki ya Austria na Hungaria na leo iko Ucheki. Ukoo wao ulikuwa wa mafundi viatu kwa vizazi na vizazi. Hiyo t yao ina kialama juu kwa sababu inatamkwa laini, ulimi ukigusa juu karibu na mahali pa "ch", kwa hivyo Mcheki akisema jina la hii kampuni si vile sisi husema tukiwa tao. Kile kialama kilianguka njiani jina lilipopandishwa kwa mabango ya dunia nzima na ndo maana sasa linafanana na ndege.

Sisi hapa tumelizoea mpaka watu wengi wamekua wakiamini ni kampuni ya Kenya, na si ajabu, kiwanda kiko Limuru na ukisoma shule ya msingi hapa kuna uwezekano mkubwa ulivaa Toughees, vile viatu vyao vya shule. Na ile raba ya mchezo ya Bata inaitwa Ngoma. Kumbuka hiyo Ngoma, tutaihitaji huko chini.

Jambo lingine la hawa watu, halihusiani na neno ila ni tamu: Tomáš alikufa kwa ajali ya ndege tarehe 12 Julai 1932, na ndugu yake wa baba, Jan Antonín, akachukua usukani. Huyo akajengewa makao makuu ya ghorofa kumi na sita pale Zlín, na ofisi yake ikawekwa ndani ya lifti. Si karibu na lifti, ndani. Meza, simu na sinki ya kunawa mikono, yote inapanda na kushuka. Bosi anaweza kukutokea kwa floo yako akiwa amekaa kwa kiti chake.

Mkikuyu akisema "bata" anaongea juu ya nini?

Umuhimu ama uhitaji. Kĩndũ kĩa bata ni kitu cha maana. Na hapa ndo watu wa Nairobi huchanganyikiwa juu tunaisoma kwa maandishi na kudhani ni sauti moja. Si moja. Hiyo b ya Kikuyu ikisimama peke yake haifungi midomo, hewa inapita katikati ya midomo kitu kama v ama f laini, mtu asiyejua Kikuyu akisikia anaweza hata kuandika "vata". Ile b ya kufunga midomo kabisa kwa Kikuyu inakuja na m mbele, ndo maana ndege ni mbata. Kwa hivyo Mkikuyu mwenyewe hachanganyi bata na mbata hata siku moja, anayechanganya ni sisi tunaosoma bango.

Sasa kwa nini lugha zisizojuana zinapatikana na neno moja?

Kwa sababu maneno mafupi hayatoshi. Piga hesabu kidogo. Chukua lugha yenye konsonanti 20 na vokali 5. Silabi za konsonanti moja na vokali moja zitakuwa 100. Unganisha silabi mbili, unapata maneno 10,000 ya umbo la bata, basi. Na duniani kuna lugha kama 7,000 hivi, kila moja na maelfu ya maneno, na zote zinachota kwa kisima kidogo cha sauti. Alafu b, t na a si sauti za ajabu kama kile kidoko cha Kizulu, ile sauti ya kualika ulimi, ziko karibu kila mahali. Ukitafuta "bata" utaipata. Ukitafuta "kata", "tama" ama "mala" pia utazipata. Ingekuwa ajabu kama zingekosekana.

Kuna mifano mikali kuliko hii. Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa Queensland huko Australia, mbwa alikuwa anaitwa dog. Kabisa. Na halikutoka kwa Kiingereza, lilitoka kwa neno lao refu la zamani ambalo lilikatwa mbele na nyuma kwa kufuata kanuni za lugha yao. Kiajemi nacho kina bad, maana yake mbaya, kama vile Waingereza wanavyosema bad, na hakuna aliyempa mwenzake.

## Bata za Afrika

Ni kweli kwa Kiyoruba "bata" ni kiatu?

Kweli, na hapa ndo akili za watu hupasuka. Kiyoruba kina bàtà, sauti zote mbili chini, maana yake kiatu. Alafu kina bàtá, ya kwanza chini ya pili juu, na hiyo ni ngoma.

Ngoma yenyewe ina nyuso mbili, mmoja mkubwa mmoja mdogo, inapigwa pande zote mbili, na ni ngoma ya Ṣàngó, mungu wao wa radi. Wayoruba waliopelekwa utumwani Cuba walikwenda nayo kichwani, wakaiunda upya huko, na mpaka leo inapigwa kwa seti ya tatu: okónkolo ndo ndogo, itótele ya kati, na ile kubwa inayoongoza zingine inaitwa iyá, yaani mama. Mpigaji anakaa, ngoma inalala mapajani, mkono wa kulia uso mkubwa na wa kushoto uso mdogo. So ndio, dunia hii ina Bata ya viatu iliyotengeneza raba ikaiita Ngoma, na ina lugha moja ambapo kiatu na ngoma vyote vinaandikwa bata ukisahau alama. Hakuna njama hapo. Ni bahati tu.

Si basi kampuni ilichukua jina kwa Wayoruba? Ama Wayoruba walichukua kwa kampuni?

Hili swali halikosi kwa grupu za WhatsApp na kila mara linaletwa na mtu aliye na uhakika sana. Hapana, na hapana. Jina la Baťa lilikuwa la ukoo huko Moravia kabla ukoo wenyewe haujauza hata kiatu kimoja nje ya nchi. Na neno la Kiyoruba ni la zamani kwao, lina toni zake mbili chini ambazo Mcheki hana habari nazo. Mtu akiona sauti sawa na maana sawa anadhani amemaliza kesi, kumbe bado hajaonyesha lori lililobeba mzigo: nani alikutana na nani, wapi, mwaka gani, wakiuza nini. Kwa bata wetu wa maji lori liko, ni majahazi ya Waarabu na Waajemi yaliyokuja Pwani kwa karne nyingi. Kwa hii ya Kiyoruba na Zlín halipo.

Na Hausa?

Hausa wana ɓata, yenye b iliyopinda kichwa, na maana yake inazunguka kwa kuharibu na kupotea. Hiyo b wanaivuta hewa ndani badala ya kuisukuma nje. Cha kuchekesha ni kwamba b ya Kiswahili cha wenyewe pia inavutwa ndani, sema bata polepole mkono ukiwa kwa koo utasikia kongomeo inashuka kidogo. Sisi hatuiandiki tofauti juu hatuna b ya pili ya kushindana nayo. Kwa hivyo kwa sikio Mswahili wa Lamu na Mhausa wa Kano wanakaribiana zaidi kuliko Mswahili na Mcheki, na maana ziko mbali kama mbingu na ardhi.

Kisotho si ni Kibantu kama Kiswahili? Mbona kwao ni baridi?

Ndio, ukifika Lesotho wakati wa baridi, theluji iko juu ya milima ya Maloti na mtu anakuambia ho a bata, amesema kuna baridi.

Lugha kuwa ndugu haimaanishi kila neno linalofanana ni ndugu. Kati ya Kiswahili na Kisotho kuna kanuni: mahali sisi tuna t, wao mara nyingi wana r. Sisi kutuma, wao roma. Sisi tatu, wao raro. Sasa kama bata yao ingekuwa na mzizi mmoja na kitu chetu, hiyo t yao haiwezi kuja ikiwa imekaa vile vile. Tena bata wetu ametoka kwa Waarabu juzi juzi tu ukilinganisha na wakati Wabantu walipoachana. Wanaisimu hawaogopi sana maneno yanayofanana kabisa, wanayashuku. Ndugu wa kweli huwa wamebadilika kwa utaratibu, yaani kosa lile lile linarudi neno baada ya neno.

Kijaluo je?

Mkono ni bat, lakini "mkono wangu" inakuwa bada, t inageuka d. Kwa hivyo imekosa kidogo tu. Na bata wa maji kwao ni atudo.

Mji wa Bata uko wapi, na uliitwa juu ya viatu?

Uko Gine ya Ikweta, ndio mji mkubwa wa upande wa bara wa hiyo nchi. Hauhusiani na viatu. Mashabiki wa mpira wataukumbuka kwa fainali ya Kombe la Afrika tarehe 8 Februari 2015, Ivory Coast na Ghana, bila bao mpaka penalti, zikaenda hadi wakabaki magolikipa. Boubacar Barry akaokoa ya mwenzake alafu akapiga yake mwenyewe ikaingia, 9 kwa 8.

Miji iliyoitwa juu ya viatu ipo lakini ni mingine. Hao Wacheki walikuwa na tabia ya kujenga kiwanda na mji wake, nyumba za wafanyakazi, duka, shule, kila kitu, alafu wanaubandika jina: Batanagar karibu na Kolkata, Batapur karibu na Lahore, Bataville Ufaransa, Batadorp Uholanzi, Batawa Kanada. Jan Antonín, yule wa lifti, alipohamia Brazil akaacha Batatuba na Bataguassu. Mtu asiyejua akiona Batatuba kwa ramani ataapa ni neno la wenyeji wa Amazon.

## Bata za ng'ambo

Kihindi wanasema "bata" kila dakika kwa filamu, ni bata gani?

Hiyo ni kitenzi. Batā ni amri ya batānā, kuambia, so "bata!" ni "niambie!" ama "sema!". Haina uhusiano wowote na batakh ya ndege niliyotaja kwa swali la kwanza. Yaani ndani ya lugha hiyo hiyo moja kuna jamaa wa bata wetu na kuna mtu anayefanana naye tu, na anayefanana zaidi ndo si jamaa.

Kule Ufilipino?

Kitagalogi kina tatu, na zote zinaandikwa b-a-t-a kwa maandishi ya kawaida. Ya kwanza ni mtoto, na inaishia kwa kukatwa koo ghafla, ile sauti unayofanya katikati ya "a-a" ya kukataa. Ya pili ni joho la kuvaa nyumbani, haikatwi mwisho. Ya tatu inawekewa mkazo mwisho na ni kuvumilia. Mfilipino hana shida, anasikia mkazo na mkato. Sisi tukisoma tunaona moja.

Na asili zake hazifanani pia. Mtoto na kuvumilia ni za kwao. Joho lililetwa na Wahispania waliotawala hivyo visiwa tangu 1565 mpaka 1898. Hapa lori liko, tena lilikaa miaka mia tatu na zaidi.

So kwa Kihispania bata ni nguo?

Ndio. Joho la nyumbani, na pia lile koti jeupe la daktari ama mwalimu wa maabara. Wacheza flamenco wana bata de cola, gauni lenye mkia mrefu wa marinda ambao mchezaji anaurusha kwa mguu akigeuka, na ukiona vizuri utajua ile ni kazi ya paja, si urembo. Kireno pia kina bata hiyo hiyo, Angola wanafunzi wa shule wanavaa bata nyeupe juu ya nguo zao. Bata wa maji kwa lugha zote mbili ni pato.

Na Indonesia?

Tofali. Mara nyingi wanasema batu bata, batu peke yake ikiwa jiwe. Rangi ya matofali ni merah bata. Kwao ndege ni bebek. Kiindonesia na Kitagalogi ni za ukoo mmoja, ukoo wa Kiaustronesia, na bado mmoja anajenga na bata na mwingine anamnyonyesha. Soma tena jibu la Kisotho kama inakusumbua.

Ireland kuna bata pia?

Kuna, na hii ndo mimi hupenda kuliko zote. Kwa Kiayalandi bata ni fimbo. Kulikuwa na kitu kiliitwa bata scóir, fimbo ya kuhesabu. Karne ya 19 mtoto alikuwa anavalishwa kijiti shingoni kwa kamba, akisikika akiongea Kiayalandi kinachanjwa alama moja. Jioni mwalimu anahesabu alama na mtoto anachapwa kulingana nazo.

Mkenya yeyote aliyesoma shule ya diski hahitaji kuelezwa. Kibao ama mfupa shingoni, unavaa kwa kuongea lugha ya kwenu, unampitishia mwenye umemshika akiongea, na wa mwisho jioni ana kesi. Mbinu ile ile, kamba ile ile. Maneno bata na bata hapo ni bahati nasibu, lakini kamba ya shingo si bahati nasibu, hiyo ina ukoo unaofuatilika, na unapita kwa watawala wale wale.

Niliona "bàta" ya Scotland imeandikwa ni boti. Ni Kiayalandi kilekile?

Ni lugha dada, Kigeli cha Scotland. Kwao bata bila alama ni fimbo kama Ireland, na bàta yenye a ndefu ni boti. Hiyo ya boti ilitoka kwa watu wa kaskazini, wale Wanorse na Waingereza wa zamani, waliokuwa wanasema bátr na bāt. Sasa sisi boti yetu tulitoa wapi? Kwa Kiingereza, kwa hiyo hiyo bāt iliyozeeka. Kwa hivyo bàta ya mvuvi wa Scotland ni binamu wa boti ya Mombasa, na si kitu kwa bata anayeogelea kando ya hiyo boti. Ukiwa unataka mfano mmoja wa kumnyamazisha mtu wa grupu ya WhatsApp, chukua huu: neno lisilofanana ni ndugu, neno linalofanana kabisa ni mgeni.

Kijapani?

Siagi. Batā, a ya mwisho ikivutwa. Wao wamechukua neno la Kiingereza na kulipitisha kwa mdomo usiopenda neno kuishia kwa konsonanti, sawa kabisa na vile Mnairobi huomba mkate na bata kwa kiosk akimaanisha kitu cha kupaka, hata kama kwenye mkate atapakwa Blue Band. Wana pia batabata ya kukimbizana, mtu amechelewa anavaa soksi akitafuta funguo, hiyo ni mlio tu wa mbio, na hakuna siagi ndani.

## Ya pembeni

Mbatata iko ndani ya hii familia?

Hapana. Mbatata ya Mombasa na Zanzibar, ile wengi wetu Nairobi tunaita waru, imetoka mbali zaidi. Batata lilikuwa neno la Wataino wa visiwa vya Karibi na walimaanisha kiazi kitamu. Wahispania na Wareno wakalibeba, likahamia kwa kiazi kile kingine, likafika Bahari ya Hindi, Wamarathi wa India wakalichukua wakapika batata vada, na sisi tukaliongezea m. Kwa hivyo unaweza kula bata kwa mbatata na vitu viwili kwa sahani vikawa vimetoka ncha mbili za dunia.

Batavia, Wabatak?

Hakuna kitu hapo. Batavia, jina la zamani la Jakarta, lilitoka kwa kabila la kale la Uholanzi. Wabatak ni watu wa Sumatra. Kufanana herufi nne za mwanzo si hoja.

Bata bukini, hiyo Bukini ni nani?

Ni Madagaska. Bukini ndo jina la zamani la Kiswahili la hicho kisiwa. Siku hizi hata wanaotumia jina la ndege hawajui wanataja nchi.

"Kula bata" ya vijana inahusu ndege ama viatu?

Ndege, ingawa hakuna anayemla. Ni msemo wa Bongo uliopanda mpaka huku na muziki wao, maana yake kujipa raha: umelipwa, umevaa, umetoka. Kwa hoteli nyingi za Nairobi ukiagiza bata utaangaliwa vibaya, kuku ndo mwenye mji. Bara ya Kenya msemo unaeleweka bila shida, ila bado ukiutumia unasikika umetoka Dar wiki jana.

Ni bata wawili, mabata wawili ama mabata mawili?

Kwa kitabu, mabata wawili ama bata wawili, juu ndege ni kiumbe hai na anachukua upatanisho wa wa-. Mitaani utasikia mabata mawili na hakuna anayekufa. Bata ya viatu haina wingi, hakuna mtu husema amenunua mabata.

Nitajuaje kama "bata" mbili ni ndugu, ni za kuazimana ama zimefanana tu?

Anza na sura ya zamani ya neno, si ya leo. Bata ya Kijapani ukirudi nyuma miaka mia mbili inapotea, bata ya Kiarabu ukirudi nyuma unaipata tu. Alafu angalia kama kuna safu: neno moja haliazimwi peke yake, likija kwa jahazi linakuja na wenzake wa biashara, bahari, dini. Ukikuta moja tu limesimama pekee kati ya lugha mbili zisizo na historia, weka chini kalamu. Kwa ndugu wa damu tafuta ile kanuni niliyoeleza kwa Kisotho. Na uliza mwenye lugha alisome kwa sauti, kabla hujaandika chochote, juu herufi nne za Kilatini zimeficha toni ya Kiyoruba, mkato wa Kitagalogi, b ya Hausa, b ya Kikuyu na ť ya Kicheki, na zote ukizipiga kwa simu zinatoka BATA.

Kuna lugha ambayo haiwezi kabisa kuwa na "bata"?

Ziko. Kihawaii kina konsonanti nane tu, na b haimo wala t, ya kwao ya kawaida ni p na k. Neno la kigeni likiingia, b inakuwa p na t inakuwa k. Walipopokea ile siagi ya Kiingereza iliyowapa Wajapani batā, wao wakaishia na paka, na mpaka leo siagi kwa Kihawaii ni waiūpaka, waiū ikiwa maziwa. Hakuna paka ndani yake, wala bata.